Bibi Alivyonirudisha kwa Miguu

Usiku ule nilipanda kitandani na supu ya asubuhi bado inanisimulia habari zake tumboni, mke wangu amenigeuzia mgongo. Hakuwa amenuna. Angenuna ningelala vizuri zaidi.

Niseme kwanza ya mchana, maana ndoto hii haikudondoka tu kutoka darini. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaopenda safari, wapo wanaopenda mpira. Mimi napenda kochi langu, nalo kwa jinsi lilivyobonyea upande mmoja naamini linanipenda. Kule kliniki waliponipima presha, daktari aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, akairudia mashine, kama anayejua kwamba mmoja wetu anadanganya. Akasema nitembee kila siku, hata nusu saa. Akataja na kiharusi, neno ambalo mke wangu Zaituni alilisikia vizuri na mimi nikalisikia kwa mbali.

Basi nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani. Nikanunua raba, nikapewa fulana ya rangi ya chungwa. Kila Jumamosi asubuhi wenzangu hukimbia wakiimba mpaka ng'ambo ya daraja, wakirudi wanakutana kwenye kibanda cha supu. Mimi nikaona hapo katikati kuna usumbufu usio na sababu. Nikawa nawasubiri kibandani, fulana imenyooka, nawashikia nafasi kwenye benchi. Mwenyekiti wa klabu akaniita mwanachama wa supu. Nilicheka kuliko wote.

Zaituni ndiye anayefua fulana ile. Siku za mwanzo alikuwa akiinusa, anakuja nayo mpaka sebuleni.

"Baba Rehema, mazoezi gani haya yananuka ndimu na pilipili? Jasho liko wapi?"

Namjibu kwamba jasho langu halina harufu. Tunagombana, fulana inarushwa, maisha yanaendelea. Jumamosi hii nikamwahi. Nikamwambia Jumatatu naanza kwelikweli, siku hizi hamu tu ndiyo sina, hamu ikirudi atanishangaa. Nikakaa kusubiri kelele. Akaikunja ile fulana, akairudisha kabatini bila kuifua.

"Sawa, baba Rehema," akasema.

Sawa! Mwanamke aliyewahi kunisema toka adhuhuri mpaka magharibi kwa sababu ya kijiko! Nikaenda kulala nimekereka, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Niko kwenye kochi. Hilo si ajabu, hata nikiwa macho niko kwenye kochi. Ila kochi linatembea. Linakwenda polepole, bila kishindo, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini. Lilitoka mlangoni bila kukwaruza popote, likapita benchi la kliniki, ambalo nalo lilikuwa limehamia jirani na kwetu. Wenzangu wa klabu walikuwa wakikimbia kuelekea juu, midomo inaimba, sauti haitoki. Mimi nateremka. Nikawapungia mkono. Upepo unanipiga usoni, sihemi, siumwi popote, na nikasema moyoni: kumbe yapo mazoezi ya kukaa, wametuficha tu.

Njia ikazidi kuteremka. Nyumba zikaisha. Hakukuwa na jua wala giza, ni mwanga tu kama ule wa ndani ya chandarua. Kochi likasimama kwenye ua uliofagiliwa, mistari ya fagio bado haijakanyagwa, na katikati ya ua, kwenye kigoda, amekaa Bibi Mwanahawa, mama mzazi wa baba yangu, anachambua mchele kwenye ungo.

Bibi amekufa siku nyingi. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea. Lakini hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni mgongo. Bibi niliyemjua alikuwa amepinda kiasi kwamba akikusalimia, anasalimiana na vidole vyako vya miguu. Huyu amekaa wima kama bibi harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Macho hayatoki kwenye ungo. "Leo usiku wa nani?"

Swali hilo lina kwao. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kiume ni mume. Tangu nikiwa wa kaptula alikuwa akiniita mume wangu, ananidai khanga na marashi mbele za watu. Nilipooa, alikuja harusini akalia kwa wivu wa kuigiza mpaka wageni wakambembeleza, na tangu siku ile Zaituni akawa mke mwenzake. Walisutana kama wake wenza, walipikiana kama wake wenza. Na mwanamume wa wake wawili, kila mtu anajua, hulala kwa zamu.

"Nakuuliza wewe, mume wangu. Usiku wa nani leo?"

"Wa Zaituni, bibi."

"Kwangu umefuata nini?"

Nikamwambia sikuja mimi, nimeletwa na kochi. Akasema kochi halina miguu. Nikasema linayo, tena minne.

"Basi limekushinda. Wewe unayo miwili na huitumii."

Ndani kulikuwa kunanukia pilau. Wakubwa wetu walitufundisha kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni, usile, ukila, umebaki. Nikajiandaa kukataa kwa adabu, nikayapanga na maneno yenyewe. Bibi akaendelea na mchele wake. Hakunikaribisha. Huyu ambaye alipokuwa hai alinishindilia chakula mpaka majirani wananiombea msamaha, leo ananitazama kama mtu aliyekosea mlango. Iliniudhi, siwezi kuficha. Umejiandaa kuyakataa mauti kiume, kumbe mauti yenyewe hayana habari na wewe.

"Bibi, hata maji?"

"Nyumba hii ya mtu mmoja. Tangu niolewe ndiyo kwanza nalala peke yangu, mgongo umenyooka, halafu unaniletea tumbo hilo! Niliweke wapi?"

Akapepeta mara moja, pumba zikaruka zisitue. Kisha akauweka ungo chini.

"Pita ndani, uone."

Napita. Ndani si kwake. Ni chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani, chumba cha babu, kile ambacho tukiwa wadogo tulikatazwa kupiga kelele mlangoni pake. Babu alipatwa na kiharusi akiwa bado ana nguvu zake, akalala pale mpaka sisi wajukuu tukazoea kwamba babu ni mtu wa kitanda, kama vile wengine walivyo watu wa shamba. Namwona bibi ameinama, mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga. Anasema bismillahi, anamgeuzia ukutani. Anapanga mto. Anangoja. Bismillahi, anamgeuzia huku. Na kila anapomgeuza mgongo wake unapinda, kidogo tu, kama msumari unaogongwa na asiyejua kugonga.

Halafu chumba ni chumba chetu. Pazia ni letu. Mikono ile ina bangili za Zaituni. Anasema bismillahi, na anayeona dari ni mimi, kisha ukuta, kisha dari. Nataka kumwambia aache, aite mtu wa kumsaidia, lakini mdomo umelala upande mmoja, hauchukui neno. Nywele zake za mbele zimekuwa nyeupe. Ananifuta kidevu kwa ncha ya khanga.

"Sawa, baba Rehema," ananiambia, na mimi sijasema kitu. "Sawa."

Nikatoka mbio. Au nilidhani natoka mbio. Nilipojitazama niko uani, nimekaa kwenye kochi vilevile.

"Umeona," bibi akasema. Hakuwa anauliza. "Watu mnadhani kuja huku ni kufumba macho tu. Wewe utapita kwanza mikononi mwa mke mwenzangu, na Mungu ndiye ajuaye atakushika mpaka lini. Mgongo wangu mimi ulinyooka siku mliponilaza kwenye udongo. Si kabla."

Utani wote ukaniisha. Nikajitetea kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Bibi, mimi nataka. Mpaka klabu nimejiunga. Ila hamu ndiyo haiji."

Bibi akasonya. Jamani, msonyo ule! Ulianzia hapa ukaenda ukaishia mbali huko, makuti ya ua yakatikisika.

"Hamu! Babu yako alipotaka kugeuzwa na mimi mwenyewe homa inanitetemesha, hamu nilikuwa nayo? Nilimwambia, ngoja mume wangu, hamu ikija nitakugeuza?" Akaninyooshea kidole. "Inuka hapo."

Nikamwomba anisaidie kulisukuma kochi, angalau mpaka pale njia inapokaa sawa. Aliingia ndani bila kunijibu. Alipotoka ana mwiko wa pilau mkononi.

Nikainuka.

Njia niliyoiteremka nimekaa sasa inapanda, na mchanga wake unanirudisha kila ninapokanyaga. Bibi anakuja nyuma yangu na mwiko, hahemi, na mdomo haupumziki. Mume gani huyu, anasema, anahema kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Wenzake wameolewa na wanaume, yeye ameolewa na gunia. Nikisimama, mwiko unanigusa kisigino. Nikamwambia bibi, moyo unagonga.

"Unabisha hodi. Ulidhani nyumba haina mtu."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kweli, kwa sababu alikuwa marehemu na alikuwa anatembea vizuri kuliko mimi. Hasira ile ndiyo iliyonipandisha, sina cha kujisifia. Nilikuwa napanda ili nipate mahali pa kumjibu.

Tulipofika pale mwanga wa chandarua unapokwisha, mwiko ukaacha kunigusa. Nikageuka na jibu langu mdomoni. Amesimama. Sasa ananitazama kama bibi anavyomtazama mjukuu, mambo ya mume na mke ameyaacha kule chini.

"Babu yako alipokuwa mzima, anakula na kulala, nilikuwa namwona anakokwenda," akasema, kwa sauti ndogo. "Nikawa nasema sawa. Nilidhani ndiyo heshima. Mwambie mke mwenzangu asiniige. Aseme. Aseme yote, asibakize. Mimi nyumba yangu nimefunga, zamu ni yake."

"Na mimi, bibi? Mimi unaniambia nini?"

"Wewe nimekufukuza. Hujasikia?"

Nikafumbua macho. Adhana ya alfajiri ilikuwa inakwisha. Zaituni amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anajifunga khanga, na miguu yangu inatetemeka chini ya shuka.

"Bibi Mwanahawa anakusalimu," nikamwambia.

Akageuka taratibu. Zaituni anaogopa sana ndoto za waliokufa. "Alikupa chakula?"

"Hata maji alininyima."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi. "Alisemaje?"

Nilipanga kumsimulia kwa mzaha. Nikaanza hivyo, na kochi, na mwiko. Lakini nilipofika kwenye kile kitanda na zile bangili, niligeuka, nikamalizia nikitazama ukuta. Salamu nikazifikisha neno kwa neno: aseme, aseme yote, asibakize.

Nje kuku wa jirani waliamka, wakaanza ugomvi wao. Nikaogopa atasema lile neno lake, sawa.

"Kitanda nilishakipangia pa kukaa," akasema hatimaye. "Siku utakapoanguka. Nilisema nitakisogeza dirishani, upate hewa. Mama yangu nilishamuuliza kama anaweza kuja kukaa na sisi." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza alivyopanga vyombo. Kisha sauti ikapanda. "Mume mzima, anakula, anacheka, na mimi nakupangia kitanda! Unajua ilivyo? Unakaa hapo unaniambia Jumatatu, mimi natazama lile dirisha! Vaa viatu!"

"Sasa hivi? Si tunywe kwanza—"

"Zamu ya nani hii?"

Tuliswali, tukatoka. Hatujafika hata mwisho wa uchochoro alikuwa ameshaanza, na alianzia mbali, kwenye harusi yetu, siku ambayo inasemekana nilisinzia wageni wakiwa bado wanakula. Akaja kwenye chumba chetu cha kwanza cha kupanga, bati lililovuja na mimi nikahamisha mkeka badala ya kupanda juu. Mambo ambayo sikujua kwamba aliyahifadhi. Alikuwa anatembea haraka, mikono inazungumza naye, na mimi nalazimika kwenda sambamba, maana ukibaki nyuma ya mtu anayekusema, watu wanadhani umekubali.

Jirani mmoja aliyekuwa akifagia uwanja akasimama na fagio lake. "Mama Rehema, kwema huko?"

"Kwema. Natimiza wosia wa mke mwenzangu," Zaituni akajibu bila kusimama.

Tukafika darajani. Nilikuwa sijawahi kufika darajani kwa miguu tangu nijiunge na klabu. Mapaja yanawaka, fulana imenigandia mgongoni. Nikashika ukingo wa daraja.

"Mama Rehema, nimekuelewa. Turudi sasa."

"Turudi wapi?" akasema. "Hapo nilipofika hata Rehema sijamzaa." Akaongeza mwendo.