Kompyuta imesema Kimulot hatunywi maziwa

Leo nimefundishwa kunywa maziwa.

Mimi. Mwenye ng'ombe.

Supamaketi moja ya Kericho imeleta hema na spika hapa Kimulot, kututangazia maziwa ya pakiti. Nikamuuliza kijana wao wa mauzo, kwa nini sisi?

"Mama, tumechambua risiti za wateja wote. Data inaonyesha watu wa huku hawanunui maziwa kabisa. Tunataka kubadilisha hiyo tabia."

Tabia!

Nikamwambia, nani atanunua pakiti na ng'ombe yuko nyuma ya jikoni? Akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mgonjwa anayebishana na daktari.

Halafu mvua ya mawe ikaanza, mnaijua yetu. Timu nzima ikakimbilia kwangu. Sasa wageni wakae kwako bila chai? Na niwape chai bila maziwa? Aibu hiyo siiwezi.

Lakini maziwa ya asubuhi nilikuwa nimeshayauza yote kwa dairi, wanunuzi wetu wa maziwa, na ya jioni bado yamo kwa ng'ombe.

Ningefanya nini?

Nikanunua pakiti zao. (Msicheke.) Yule kijana akaingiza namba yangu ya simu kwa mashine yake, anatabasamu.

Wakanywa. Wakaomba kuongezwa.

Simu yangu ikalia, ujumbe wa supamaketi: "Hongera! Wewe ni mteja wetu wa kwanza wa maziwa Kimulot."

Na yule kijana, kikombe changu mkononi, akasema: "Unaona, mama? Data haidanganyi."

Nimemnyang'anya kikombe.

Kama nimekosea, mniambie.