Niliharibu server ya kafe kwa kernel yangu, nikamwacha kaka Idrisa abebe lawama

Wakuu habari za humu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Hili lipo kwenye shajara yangu tangu likizo. Nalinakili kama lilivyotokea, na aibu yake yote.

Niko kidato cha tatu hapa Dodoma. Mbele za watu sauti haitoki, ila kwa kuandika najiweza. Ndiyo maana developers watano wa mjini walipotaka mjadala wa kuimarisha usalama wa kernel, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoamrisha vifaa vyote, nilijitolea kwa email kuupanga.

Tungekutana kwenye internet cafe anakofanya kazi kaka Idrisa, mtu wa Kondoa. Ndiye aliyenifundisha Linux. Aliniita "fundi".

Pembeni ya server, mashine kuu inayogawa internet kafe nzima, ana daftari. Ukigusa chochote unaandika umefanya nini, lini, na jina lako. Niliupenda utaratibu huo hadi nikaufanya ajenda namba moja.

Ijumaa kaka akaenda kuswali, akaniachia server. Nikaweka kernel niliyoiandaa wiki nzima, ianze kazi mashine ikiwashwa upya. Nilikuwa nimezima kabisa modules, vile vipande vya programu vinavyopachikwa kwenye kernel, ili mtu asiweze kupenyeza kitu kibaya.

Daftarini sikuandika. Nilitaka iwe surprise.

Nikasahau kwamba network card, kifaa kinachoiunganisha server na mtandao, nayo inategemea module. (Mnaojua mnacheka tayari.)

Jumamosi asubuhi server ikawashwa. Internet hakuna. Wateja wananung'unika, wageni wangu wa mjadala wameshakaa.

Bosi mwenye kafe akafungua daftari. Jina la mwisho: Idrisa.

"Idrisa, umeichezea tena?"

Kaka akaangalia skrini, kisha akaniangalia mimi. Alishaelewa.

"Nairudisha sasa hivi, bosi."

"Ukimaliza nipe funguo. Jumatatu usije."

Mgeni mmoja akatania, "Huu ndio usalama sasa, hata wenyewe hatuingii!" Wakacheka.

Na mimi nikacheka, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma.

Kaka akarudisha kernel ya zamani, mambo yakakaa sawa, akamkabidhi bosi funguo. Mjadala ukaanza, nikasimama kusoma ajenda namba moja: "Kila badiliko liandikwe pamoja na jina la..."

Sauti ikakata.

Nikachukua daftari, nikaandika nilichofanya na jina langu, nikampelekea bosi. Kaka akachungulia.

"Umeandika tarehe ya leo," akasema taratibu. "Uliigusa jana."

Nikakata, nikaandika ya jana.

Bosi akamrudishia funguo. Mimi server siigusi tena, na nimestahili.

Nilichojifunza: nilihangaika kuziba kila tundu la mashine, kumbe hatari nilikuwa mimi niliyeaminiwa.

Kaka hajanigombeza hata siku moja. Ila "fundi" haniiti tena. Ananiita jina langu, lile lililo daftarini.

Nyie mliwezaje kuomba msamaha kwa mdomo? Nisaidieni, maana mimi mpaka leo nimeandika tu.