Kamba ya Mita Tano

Jumapili, tarehe 10 Januari 1988. Hakukuwa na wingu hata moja, na upepo mkavu ulikuwa ukirusha vumbi tangu alfajiri.

Siku hiyo mpiga picha alipanda mlima akiwa na jicho moja. La kulia lilikuwa limeshakwenda. Mwezi uliotangulia daktari wa macho alikuwa amemwambia bila kuzungukazunguka kwamba ile ni presha ya macho, kwamba jicho lililokufa halifufuki, na kwamba la kushoto nalo limeshika njia hiyo hiyo. Akampa matone ya asubuhi na jioni. "Yatachelewesha tu," alisema. "Hayatazuia." Mpiga picha alishukuru, akaenda zake, akakificha kile kichupa katika chumba cha giza, nyuma ya chupa za dawa za kusafishia picha. Yeye hakumwambia mkewe neno.

Mjini walimwita Usicheke. Kwa miaka ishirini na sita, kila aliyekalia stuli yake kupigwa picha ya pasipoti aliambiwa neno hilo, na karibu kila aliyeambiwa alicheka. Hakuwahi kufanya kazi nyingine. Aliposikia habari ya jicho la pili, hakuwaza kama ataiona njia au sahani ya chakula. Aliwaza atakuwa nani asubuhi akishaamka.

Kila kiangazi chama cha wapanda mlima kilimchukua kwenye matembezi yao manne, awapige picha pale juu mgongoni mwa mlima jua linapochomoza. Saa hiyo mwanga ni haba. Lenzi lazima ifunguliwe yote, na lenzi iliyofunguliwa yote haisamehe: ukikosea shibiri moja au mbili, uso unageuka ukungu. Kwa jicho moja lililoanza kuchoka asingeweza kulenga. Ndipo alipobuni kamba.

Ilikuwa kamba ya pamba, nyeupe, yenye fundo kwenye mita mbili, mita tatu na mita tano. Mtu alishika ncha kifuani, yeye akarudi nyuma mpaka fundo likafika kwenye kamera, kisha akaizungusha pete ya lenzi mpaka kwenye alama aliyoichonga kwa tupa, akiitafuta kwa ukucha. Kuona hakukuhitajika.

Pale mgongoni, mwenye bucha, mcheshi wa chama, aliitazama kamba akapiga makofi.

"Usicheke! Leo umekuja kutupiga picha au kutupimia viwanja?"

"Shika ncha, wewe. Kifuani, siyo tumboni. Hilo tumbo linanilia nusu mita."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Picha zikatoka safi. Mwenye bucha alichukua nakala tatu. Mpiga picha akarudi nyumbani amesimama wima kuliko alivyotoka.

Tangu hapo akawa anafanya mazoezi nyumbani, na wa kufanyiwa mazoezi alikuwa mkewe. Alimpima akichambua maharage, akisuka nywele mbele ya kioo, akianika mashuka uani. Siku moja alimpima amesinzia kitini, ncha ya kamba ameibana kwenye kifungo cha gauni. Mama wa watu akafumbua jicho.

"Unanipima kama seremala wa majeneza."

"Tulia. Ni mtindo mpya."

"Mtindo mpya kwa sura kuukuu," akasema, akalala tena.

Matembezi ya pili yakapita, na ya tatu. Jicho la kushoto likawa kama kioo kilichopakwa mafuta. Alipomimina chai aliingiza ncha ya kidole kikombeni ajue imefika wapi. Mtu akisimama mlangoni alijua kuna mtu; nani, alisubiri mpaka aseme.

Matembezi ya nne yalipangwa tarehe 28 Februari, na hayakuwa kama mengine. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu wa jiografia, mama wa miaka sabini na mmoja, alikuwa ametangaza kwamba magoti yamemwambia basi. Angepanda mara hiyo ya mwisho, naye alitaka picha moja tu, yeye na kilele nyuma yake. Mpiga picha akajiwekea sharti lake kimyakimya. Picha ya Mwalimu ikitoka, ataendelea na kazi kwa macho yoyote yatakayobaki, hata yasipobaki. Isipotoka, amefika mwisho.

Alhamisi ya wiki ile alipoingia uani alihisi kitu kikimgusa shavu. Ilikuwa kamba yake, imeanikwa pamoja na mashuka.

"Nimekufulia na kamba yako," mkewe alisema. "Nimeichemsha na nguo nyeupe. Ilikuwa inanuka jasho la milima yote."

"Ahsante," alisema, akaikunja.

Alikuwa mtu wa kupima kila kitu mara mbili: dawa, maji, dakika. Lakini kamba aliipima mwenyewe siku alipoifunga, na hakuona sababu ya kuipima tena.

Jumapili ile Mwalimu alifika juu akihema, mkono mmoja begani kwa mwenye bucha. Akashika ncha kifuani. Mpiga picha akarudi nyuma mpaka kwenye fundo la mita tano, akaitafuta alama, akabonyeza mara sita.

Filamu aliisafisha mwenyewe. Gizani alikuwa bado fundi kamili. Vidole vilijua kila beseni lilipo. Picha zilipokauka aliziweka chini ya lenzi ya mkono, akainama mpaka kope zikagusa kioo. Akaona ukungu. Lakini ukungu aliuona pia kwenye kalenda ukutani, na kwenye kiganja chake. Hakuwa na njia ya kujua upi ni wa picha na upi ni wa jicho.

Akamwita mkewe, akijitahidi sauti iwe ya kawaida.

"Mwenzangu, hebu nitazamie hizi. Zimetulia?"

Mkewe alizipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikawia kidogo.

"Ziko vizuri."

"Uso wa Mwalimu unaonekana?"

"Unaonekana."

"Na makunyanzi?"

"Mpaka makunyanzi."

Jioni hiyo alikula akaongeza. Alizungumza habari ya kiangazi kijacho na kamba ya mita saba kwa picha za kundi. Mkewe aliitikia kila neno, macho kwenye sahani.

Alhamisi, tarehe 3 Machi, chama kilikutana katika chumba cha nyuma cha maktaba. Aliikabidhi bahasha kwa mikono miwili. Akasikia karatasi ikifunguliwa.

"Usicheke," mwenye bucha akaanza, "hapa ulimpiga mtu au moshi?"

Mmoja akacheka, akakatisha. Picha zikapita mkono hadi mkono; alizisikia zikipita.

"Si neno, baba," Mwalimu alisema mwishowe, kwa sauti wanayotumia walimu kwa mtoto aliyeshindwa mtihani akiwa amejitahidi. "Siku yenyewe ninaikumbuka."

Akaenda nyumbani akipapasa ukuta wa barabara. Mkewe alikuwa jikoni.

"Uliniambia mpaka makunyanzi."

Mwiko ukatua chini.

"Ningekuambia nini? Dawa yako ya macho niliiona tangu Januari. Ulikuwa unatembea kama mtu anayebeba yai. Niliona afadhali ubaki na furaha hata ya siku mbili."

"Kwa hiyo tangu Januari unanidanganya."

"Na wewe?"

Akaitoa kamba mkobani, akasema ipimwe. Mkewe alileta utepe wa kupimia nguo, wakailaza kamba sakafuni kutoka mlangoni hadi kabatini, akasoma yeye, kwa sababu mumewe hakuweza.

"Fundo la mita tano liko kwenye mita nne na sentimita hamsini na nane."

Aliporudia kusoma, alikumbuka sufuria la nguo nyeupe. Akaanza kulia kwa sauti ya chini.

"Mimi ndiye. Mimi niliyeichemsha ikanywea."

"Siyo wewe."

"Ni mimi. Tutanunua nyingine, ya nailoni. Nitakushikia mimi, nitakupimia kila asubuhi..."

"Mama, nisikilize. Hata ingekuwa mpya, picha nilikuwa nayo mkononi na sikujua. Mpiga picha asiyejua kama amepiga. Kamba gani itanitibu hilo?"

Wakakaa palepale sakafuni, kamba katikati yao, mpaka chakula kikaungua.

Asubuhi ya Ijumaa alifungua studio saa mbili, kama siku zote, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Kabla hajavuta pazia aliingia mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni, akataka picha nne za pasipoti, zake na za mtoto, kwa haraka.

"Hapa hatupigi tena," mpiga picha alisema. "Shuka na barabara hii mpaka kituo cha mabasi, kuna kijana ana studio ghorofani. Mwambie akuwashie taa zote mbili. Huwa anawasha moja. Na mtoto mwekee kitambaa cheupe nyuma ya kichwa."

Yule mwanamke alishukuru, akatoka. Mpiga picha aliusikiza mwendo wake hadi ulipopotea, kisha akaanza kumwaga dawa za picha, chupa moja baada ya nyingine, kwenye mfereji wa uani.