Makofi Niliyoyakata Kwenye Kanda ya Stefano

Kwanza tuelewane. Mimi ni mwongo, na kidato cha tatu kizima kinajua. Nimewahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba nimechelewa kwa sababu mbuzi amekula soksi zangu, na kweli alikula, ila moja. Ya pili niliongeza mimi. Lakini hili la Stefano sijaliongezea kitu. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi mwanzoni, maana huko mbele hata mimi nilishindwa.

Stefano alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Stefano, jirani yetu wa zamani tulipokuwa tunakaa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, kabla baba hajajenga Nkuhungu. Alipelekwa Ulaya kusomea mitambo ya umeme, ili arudi afanye kazi bwawani Mtera. Hakurudi. Kichomi kilimkamata kwenye baridi ya huko, akazikwa hukohuko. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule, sura yake siikumbuki. Nyumbani likaja sanduku: mashati, vitabu, viatu vya mguu mkubwa, na kanda moja ya kaseti isiyo na kasha. Barua hakuna. Mama Stefano hana redio ya kaseti, kwa hiyo kanda akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini kama watu wanavyoweka cheti cha ndoa.

Ilinifikiaje mimi? Niliiomba. Nilikwenda kumwamkia, nikaiona, nikamwambia, mama, kanda ikikaa miaka bila kuchezwa inaganda, ngoja nikaipashe moto. Akanitazama weee, halafu akanipa. Akasema niirudishe kama ilivyo.

Kumbuka hayo maneno. Mimi sikuyakumbuka.

Kanda yenyewe ilikuwa kituko. Ni ile rock ya kisomi, wenyewe wanaiita progresivu, na ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu. Wimbo mmoja una nyimbo sita ndani yake. Unaanza polepole kama mtu anatafuta ufunguo gizani, kinanda kinaingia, gitaa linagombana na kinanda, wanapatana, wanaachana, na wewe umeshamaliza kula, umeosha sahani, wimbo bado ule ule. Baada ya hapo makofi. Makofi marefu, na mtu anayezungumza lugha isiyojulikana, na watu wanaokaza nyuzi.

Shuleni nikaitangaza. Siku hizi redio za kaseti zinamwagwa sokoni kama viazi, kila mtu anazo zilezile nyimbo za dansi, kwa hiyo mwenye kitu kigeni ni mfalme. Ila kanda ile ilikuwa ndefu, na rafiki yangu Iddi, mtoto wa mfanyabiashara wa Kondoa, mwenye deki ya kurekodia, alikuwa na kanda tupu moja tu, fupi. Hesabu haikubali. Nikamwambia tutabana. Baba yake alikuwa amelala chumba cha pili, kwa hiyo tulishusha sauti karibu na bure, na kila wimbo ulipofifia mimi nikabonyeza kitufe cha kusimamishia, nikasubiri makofi yapite, nikaachia wimbo unaofuata uingie. Makofi ya nini? Makofi hayachezeki. Nikakata watu wote. Ukumbi mzima, kwa kidole kimoja.

Nakala ikazunguka darasani, na sharti lilikuwa moja: hurudishi kanda bila kuandika maoni kwenye daftari langu. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Mmoja kaandika kwamba mpiga kinanda ni kama mbunge, akishapewa nafasi hakai. Mwingine kasema huu muziki ni mzuri kwa mtu mwenye kesi, anasahau kesi yake. Dada mmoja wa kidato cha nne aliandika kwamba wimbo wa tatu umemfanya amkumbuke mtu ambaye hajawahi kumwona. Tulimcheka wiki nzima. Iddi naye akaandika, "Mwisho wa wimbo wa tatu kuna mtu kakanyagwa."

Mpaka hapo hakuna dhambi kubwa. Dhambi ilikuja Jumamosi. Redio inatangaza mpira, timu yangu inacheza, na mimi sina kanda tupu. Nikaitazama kanda ya Stefano. Nakala si ipo? Zile kanda za dukani zimetobolewa juu ili usiweze kufuta, lakini hilo mtoto yeyote analijua: nilikunja karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaziba matundu. Upande mmoja kipindi cha kwanza, upande wa pili kipindi cha pili, na ukaenea barabara. Juu ya lebo yake nikabandika karatasi nikaandika MPIRA kwa herufi kubwa. Tulifungwa.

Sasa njoo shambani.

Baba ana kishamba cha zabibu nyuma ya Nkuhungu, na zikianza kuiva mimi ndiye wa kufukuza ndege. Kazi ya kukaa juani na debe. Siku hiyo ilikuwa saa tisa mchana, jua la Dodoma lile linalokufanya umkumbuke Mungu, nimeegemea nguzo, nacheza nakala ya kanda. Betri zilikuwa zinakufa. Kinanda kilikuwa kinalia kama ng'ombe mgonjwa. Mara ndege wote wakanyamaza. Si kuruka, kunyamaza.

Kwenye njia kati ya mistari ya mizabibu alikuwa amesimama kijana, tuseme miaka ishirini na kitu, kavaa koti zito la sufu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Saa tisa. Dodoma. Nikamwambia, braza, unakokwenda kuna theluji? Akacheka vizuri tu, cheko la mtu wa kawaida. Hana hata tone la jasho. Akaomba kusikiliza.

Niamini, alipoishika ile redio kanda ilinyooka. Kinanda kikarudi kuwa kinanda. Akachuchumaa pale mchangani kafumba macho, wimbo wa kwanza, wa pili, akitangulia kila mahali kwa kidole kabla muziki haujafika. Nikampa daftari asome maoni ya wenzangu. Lile la mbunge lilimchekesha. La yule dada alilisoma mara mbili. La Iddi alipolifikia, hakucheka. Akafunga daftari.

"Nani kawakata watu?" akauliza.

Nikamuuliza watu gani.

"Waliokuwa wanapiga makofi. Mpiga dramu alidondosha fimbo baada ya wimbo wa pili, ukumbi ukacheka. Haimo."

Nikamwambia nimekata mimi, kanda ilikuwa fupi, na kama alikuwa anapenda makofi nimpigie. Akasema alikuwepo. Mimi, kwa ujinga wangu, nikamjibu kwamba hata mimi nilikuwepo, nilikuwa mlangoni nauza karanga.

Akanitazama bila hasira. Afadhali angekasirika. Akaeleza taratibu kama mtu anayeelekeza njia. Walikuwa wametangaziwa kwamba onyesho linarekodiwa, vipaza sauti vinaning'inia juu ya vichwa. Alikuwa na miaka mitatu hajasikia mtu akimwita jina lake sawasawa. Ule wimbo wa tatu ulipoisha watu walisahau kupiga makofi, ukawa ukimya, na yeye akapiga kelele ndani ya ule ukimya.

"Nilimwamkia mama," akasema. "Mbukwa, mama. Kwa sauti yote. Kanda ilipotoka dukani nikainunua, nikasikia nimo. Nikaona nitamtumia, atanijibu."

Wewe ungefanya nini? Najua hujambo kwa ushujaa ukiwa umekaa kitini. Mimi niliganda. Jina hakunitajia, wala hakukuwa na haja.

"Kanda yenyewe iko wapi, mdogo wangu?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofanya kazi uliyoizoea. Nikamwambia ipo salama. Nikamwambia mama atasikia.

Akafurahi. Haki ya nani vile, sijawahi kumwona mtu akifurahi namna ile. Akachukua kalamu, akaandika mistari miwili kwenye daftari, akasema, "Kaniulizie kama ameitikia." Kanda ikafika mwisho, kitufe kikaruka, nikainama kuigeuza. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mizabibu tu, na redio ilikuwa haina betri hata ya kuwasha taa.

Nilikimbia. Sioni aibu. Niliacha debe, nikaacha zabibu, ndege wakala mistari mitatu, na fimbo za baba jioni ile nilizipokea kama mtu anayepokea barua ya mwingine.

Usiku nikatia betri mpya, nikaichomoa kanda ya MPIRA. Nikabandua karatasi yangu, na lebo ya chini, ile yenye jina la bendi, ikang'oka pamoja nayo, ikabaki plastiki nyeupe. Nikacheza upande wa kwanza mwanzo hadi mwisho. Mtangazaji, filimbi, mtangazaji. Nilitega sikio chini ya kelele za uwanja labda kuna kitu. Hakuna. Watu wangu wa mpira walikuwa wamemkalia Stefano.

Nikahamia kwenye nakala. Mwisho wa wimbo wa tatu, pale Iddi aliposikia mtu kakanyagwa. Nikarudisha, nikacheza, nikarudisha. Kidole changu siku ile kilichelewa kidogo. Muziki unafifia, kimya, halafu sauti ya kijana kutoka mbali, "Mbuk—", na kinanda cha wimbo wa nne kinamrukia kinywani. Hiyo ndiyo iliyobaki. Nusu ya salamu, na mama hayumo.

Kesho yake nilikwenda Kikuyu, nimebeba redio, nakala na daftari. Nilikuwa nimetunga uongo wa aina tatu njiani. Nilipomwambia shikamoo na yeye akaitikia marahaba na kunisogezea kigoda, zote tatu zikapotea, nikasema yote: kuziba matundu, mpira, shamba, koti. Nikampa daftari. Akaleta barua za mwanawe za zamani, tukaziweka sambamba mezani. Linganisha mwenyewe ukija, mwandiko ni uleule, ile "k" yenye mkia. Mistari yake miwili inasema hivi: "Bendi ilipiga vizuri kuliko siku zote. Ningependa msikilize na watu waliokuwepo."

Mama Stefano hakunipiga, hakulia. Akasema, "Weka."

Nikaweka. Mnawajua Wagogo kwa salamu, hawaamkiani mara moja wakaachana. Wewe unauliza, mwenzio anaitikia naye anauliza, za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mpaka kila kitu cha mwenzio umekipitia. Sauti ile ikatoka, "Mbuk—", na mama akaitikia. Aliitikia salamu nzima kwa Kigogo, akamuuliza habari za huko, akauliza kama amekula, kama kuna baridi. Halafu akainamisha kichwa kwenye redio, akisubiri zamu ya mwanawe. Kinanda kilikuwa kinaendelea zamani.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Sijui mara ngapi. Kila mara akiuliza anafupisha kidogo, labda ataingia kabla ya kinanda. Hakuingia. Mwishowe akauliza kama ni kweli kila anayesikiliza lazima atoe maoni. Nikasema si lazima, mama. Akasema niandike.

"Andika: hicho kinanda kina haraka. Kingemsubiri amalize."

Nikaandika. Yeye alijua na mimi nilijua kwamba kinanda hakikuwa na kosa.

Tangu siku ile nakwenda kila Jumapili baada ya kanisa. Kijana wa koti sijamwona tena, ingawa nashinda shambani kuliko ninavyotakiwa, na baba anadhani nimekuwa mtoto mwema. Ningependa aje. Ningemwambia kwamba ameitikiwa. Lakini kuna jambo lingine ambalo Mama Stefano halisemi nami silisemi: kanda inalika. Kila tunapoirudisha pale, kichwa cha redio kinakwangua kidogo. Mwezi uliopita ile "k" ilipotea. Juzi tulisikia pumzi tu, kama mtu anayejiandaa kuita. Nilimwomba tuipumzishe. Akasema ikipumzika inamfaa nani?

Kwa hiyo msikilizaji, wewe mwenye deki na kidole chepesi, sikia. Usimkate mtu usiyemjua. Zile kelele za watu unazoziona hazina kazi, huwezi kujua nani kasimama mle anaita nyumbani kwao. Na kanda ya mwenzio usiizibe matundu, kilichotobolewa kimetobolewa.

Na kuna hili. Kanda ile iliuzwa madukani huko Ulaya, maana yake zipo nyingine, pengine elfu, na ndani ya kila moja Stefano anaita salamu nzima, na wanaosikiliza wanadhani ni mlevi anaharibu wimbo. Jina la bendi silijui, nimeling'oa mwenyewe. Nimewapigia wauza kanda wote wa sokoni ule muziki kwa mdomo, maana nakala Mama Stefano haitoi nyumbani kwake, wameishia kunicheka, na nimewaacha wanicheke. Ni kanda ndefu ya ukumbini. Baada ya wimbo wa pili kuna fimbo inaanguka na watu wanacheka. Baada ya wa tatu kuna ukimya. Ukiwa nayo, au ukimjua aliye nayo, iletwe Kikuyu kwa Mama Stefano, yeyote atakuonyesha nyumba. Lakini ije upesi. Jumapili hii sikusikia kitu mle ndani, hata pumzi, na yeye ameitikia vilevile.