Mkaguzi, Gayogayo na Kijiko Chenye Tundu

Katika nyumba ile mpishi alikuwa mume na mvuvi alikuwa mke, na kama kuna kitu kilichowahi kuwagombanisha, basi ni vijiko.

Mke alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake, kimejaa vitambaa mpaka kwenye viti, na mgeni alilazimika kutazama anapokalia asije akachomwa na pini. Kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe. Mume mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa kunawa mpaka viwikoni kabla ya kumenya kitunguu, na droo yake ya vijiko ilipangwa kama trei ya chumba cha upasuaji.

Uvuvi ulimwingia Fundi kwa njia ya suruali. Mteja mmoja, baharia, aliileta ipanuliwe kiuno, akasahau mfukoni kijiko kisicho na mpini, kimetobolewa mbele na nyuma, na ndoano ikining'inia kwa uzi. Ndoano ile ikamng'ang'ania Fundi kidole. Baharia aliporudi, Fundi akamuuliza, "Wewe supu unainywa au unaivua?"

Baharia akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamfundisha. Wakati ule binti yao wa pekee alikuwa ndiyo kwanza amehamia mji mwingine kikazi, nyumba imepoa, na Fundi alishinda akisikiliza watu wakiapa kwamba nguo ndiyo iliyorudi, si wao walionenepa. Alitamani sana mahali ambapo hakuna mtu wa kumdanganya kuhusu kiuno chake. Akajipatia mahali hapo kwenye gati, nyuma ya ghala la barafu, penye maji ya kina kifupi na mchanga laini. Huko ndiko gayogayo walikolala, samaki bapa kama soli ya kiatu, waliojifukia mchangani wamebakiza macho tu.

Tangu hapo vijiko vikaanza kupungua kwenye droo. Fundi alikata mpini, akatoboa matundu mawili, moja la kufungia mshipi, jingine la kufungia uzi mfupi wa ndoano. Kwenye uzi huo alitunga shanga nyekundu zilizobaki kwenye magauni ya harusi, maana mkono wa fundi haujui kuacha kitu bila urembo. Mwishoni kabisa, mnyoo wa mchangani. Mumewe alipouliza vijiko viko wapi, Fundi alikuwa akimtazama kwa huruma na kumwambia, "Labda unavisahau kwenye makombo."

Basi binti akapata mchumba, na ikapangwa kwamba wazazi wa kijana waje kula chakula cha mchana. Nyumba ikageuka tanuri. Mume akapika toka alfajiri. Asubuhi hiyohiyo Fundi alikuwa amejificha nyuma ya cherehani na keekee yake ndogo. Alikuwa amekwisha kutoboa tundu la kwanza, kwenye ncha ya kijiko, na kabla hajakata mpini mteja akabisha hodi kuulizia gauni. Akakiacha kijiko juu ya meza. Mume akapita, akakiona, akakipeleka kwa hasira jikoni. Akakiosha vizuri, tundu hakuliona, akakipanga mezani pamoja na wenzake.

Wageni wakafika. Baba wa kijana alikuwa mkaguzi wa majengo, mrefu, mkavu, mtu wa kufa na tai shingoni. Hata salamu alizipokea kama mtu anayepokea ripoti. Kabla hajakaa alikwisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa mlango, akainama kutazama chini ya dirisha.

"Mkwe, ukuta huu unanyonya maji," akasema.

"Unanyonya tangu tulipohamia," akajibu Fundi. "Hatujapata namna ya kumwachisha."

Mke wa mkaguzi, mwalimu wa chekechea mwenye sauti ya chini, akafunika mdomo kwa kiganja. Binti akamkanyaga mama yake mguu. Mchumba akatazama sahani tupu kama vile imeandikwa maneno.

Supu ikaja. Mkaguzi akachota, akainua, na njiani supu ikaanza kumtoka, tone, tone, tone, juu ya tai. Akarudisha kijiko bakulini. Akachota tena, safari hii kwa haraka. Supu nayo ikaharakisha. Mume wa Fundi akamtazama mkewe, na macho yakamtoka pima, kwa maana sasa alikwisha kuelewa kila kitu, toka kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho.

Mkaguzi akakipangusa kijiko, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia.

"Hii si kutu," akasema polepole. "Tundu hili limetobolewa. Kwa makusudi. Na aliyetoboa ni fundi, maana kingo amezipiga tupa."

"Asante," akasema Fundi, bila kujua kama amesifiwa au ameshtakiwa.

"Mama!" Binti alikuwa karibu kulia. "Umemtobolea mkweo kijiko?"

Hapo Fundi akaona hakuna pa kukimbilia, akapiga moyo konde na kusema yote, kuanzia baharia mpaka mnyoo. Mkaguzi akamsikiliza huku supu ikikauka kwenye tai.

"Yaani samaki anakula kijiko?"

"Hali kijiko. Gayogayo ni mbea. Kijiko kikiburuzwa chini kinatimua mchanga, yeye anadhani kuna mwenzake anachimbua chakula, hawezi kutulia mpaka aende akaone. Akifika anakuta mnyoo unafuata nyuma ya kijiko. Umbea ndio unaomponza."

"Sikubali," akasema mkaguzi. "Jambo kama hilo mpaka nilikague."

Hakuna aliyedhani anasema kweli. Lakini walipomaliza kula alisimama, akafunga kifungo cha koti na kuuliza gati liko upande gani. Wakashuka wote, wamevaa nguo za wageni, mwalimu na viatu vyake vya kisigino, mume wa Fundi na aproni aliyosahau kuivua. Wapakizi wa barafu wakasimamisha kazi kuwatazama.

Fundi akafunga kijiko chake kizuri kuliko vyote, akarusha, akaanza kuburuza. Kwa kawaida hapo alikuwa na maji na ukimya tu, na leo nyuma yake walisimama watu ambao heshima ya bintiye ilikuwa mikononi mwao. Akarusha tena, na tena. Kijiko kikarudi kitupu, kikimetameta bila haya.

"Labda hawako nyumbani," akasema mkaguzi.

"Basi vuta wewe!" Fundi akamsukumia ufito wa kuvulia kifuani. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ni mkwe.

Mrusho wa kwanza wa mkaguzi uliinasa aproni ya mume wa Fundi. Wa pili ukafika majini. Kisha akaanza kuvuta, na Fundi akatulia, kwani hajawahi kuona mtu anayevuta polepole namna ile. Mkaguzi alivuta kidogo, akasimama, akafikiri, akavuta kidogo. Alikuwa anaikagua sakafu yote ya bahari, shubiri kwa shubiri. Fundi akatambua kwamba yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa akivuta kwa wasiwasi, kama mtu anayekimbiza cherehani siku ya kukabidhi nguo.

"Pana kitu kizito," akasema mkaguzi. "Mwamba, nadhani."

"Mwamba haudonoi! Nyanyua! Nyanyua, wewe baba!"

Ufito ukapinda. Mkaguzi akarudi nyuma, akamkanyaga mwanawe, tai ikamrukia begani, na gayogayo akatoka majini akipigapiga, mpana kama sinia dogo. Wapakizi wa barafu wakapiga makofi. Mkaguzi akapiga magoti kwa suruali yake nzuri, akamgeuza samaki huku na huku. Uso wake ukawa wa kazini.

"Huyu ana kasoro," akasema.

"Kasoro gani?"

"Macho yote mawili yako upande mmoja! Mdomo umekwenda kombo. Upande huu amepakwa rangi, upande huu wamesahau. Nani alimpitisha huyu?"

Alisema kwa uchungu wa kweli, na ndipo mkewe, mwalimu wa sauti ya chini, akaangua kicheko kilichowashtua ndege juu ya paa la ghala. Akacheka mpaka akamshikilia Fundi bega, Fundi naye akashindwa kujizuia, na binti ambaye alikuwa na mashavu ya machozi akajikuta anacheka kuliko wote. Mkaguzi akawatazama mmoja mmoja. Halafu kitu kikamlegea usoni, na yeye pia akatoa sauti fulani kavu, ya mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Wakati wakirudi, mwalimu alimvuta Fundi nyuma kidogo.

"Mkwe, tangu astaafu mwaka jana anakagua nyumba yangu," akanong'ona. "Anakagua sufuria. Anakagua ninavyokunja mashuka. Nakuomba, mchukue hata mara moja kwa wiki. Vijiko nitaleta mimi."

Harusi ilikwenda vizuri, Fundi akalishona mwenyewe gauni la bintiye. Wenye ndoa wakarudi kwenye mji wao wa kazi, wakaja kwa nadra. Mkaguzi yeye hakukosa. Kila Jumamosi alitokea gatini na kofia pana, akaanza kwa kulalamikia mafundo ya Fundi, ingawa hakupata kulifungua hata moja. Mwanzoni Fundi aliukumbuka ukimya wake. Lakini Jumamosi moja mkaguzi alishikwa na mafua, hakuja. Fundi akavua peke yake, maji yametulia, hakuna wa kumsumbua, akapata gayogayo wawili wazuri sana. Akawatazama kwa muda, kisha akawafunga kwenye gazeti, akapanda basi mpaka kwa mkaguzi, ili wapate mtu wa kuwatafutia makosa.