Uji Ulionuka Moshi

Jikoni kwa Magokoro kulinuka moshi mwaka mzima. Hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigusii, Magokoro, na huyu alikuwa mama yake baba yangu. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi, nyuma ya nyumba yetu ya mabati, kwenye kilima kilicho juu ya Marani. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito, mweusi tii kwa masizi, na hapo ndipo zilipolala mbegu zake: mahindi machache yaliyofungwa pamoja kwa maganda yao, maharagwe yaliyochanganywa na majivu, mbegu za mboga zetu, saga na managu, ndani ya vitambaa vilivyopigwa fundo, na mahali pa heshima kabisa, masuke ya wimbi, ndio ulezi. Moshi wa kuni za mkaratusi uliyapitia usiku na mchana, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyasogelea. Mama alitukataza kuingia humo na nguo za Sabato kwa sababu tungefika kanisani tukinuka kama nyama iliyokaushwa. Tuliingia hata hivyo. Hadi leo, nikipita mahali mtu anapochoma kuni mbichi, kwanza nasikia njaa, kisha napandwa na hasira.

Wimbi wa Magokoro ulikuwa mfupi na mwekundu, vidole vya suke vimejikunja kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende. Mvua ikikatika wiki tatu, ulinywea ukaonekana umekufa, na tone la kwanza likianguka ulisimama tena. Aliupata kwa mama yake, na mama yake aliupata kwa mama yake. Wiki chache kabla ya mavuno alizunguka shambani na vipande vya kamba ya mgomba kiunoni, akifunga suke moja hapa, jingine kule, nami nikimfuata nyuma. Alinifundisha kwamba suke kubwa la pembeni ni la kudanganya, maana limeshiba peke yake bila wa kulisukuma. Alitaka la katikati ya shamba, lililobanwa na wenzake, likakosa maji pamoja nao, na bado likajaa. Likishafungwa kamba, hakuna aliyeligusa, awe mtoto, mgeni au mkwe. Mbegu haikuuzwa. Aliyeomba alipewa viganja viwili, na baada ya mavuno alirudisha kidogo zaidi. Binti akiolewa aliondoka na kibuyu chake cha wimbi. Mbegu ikikaa nyumba moja, alisema Magokoro, siku nyumba ikiungua imekwisha. Akiba haiozi, na yake aliiweka kwa watu.

Baba yangu, tuliyemwita Tata kama Wagusii wote wanavyowaita baba zao, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, na mtu mwenye vyeo hivyo viwili katika kijiji kimoja ni vigumu kumwambia kitu. Nilikuwa darasa la nne. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule bwana shamba aliitisha baraza katika uwanja wa shule. Alikuja kwa pikipiki, viatu vyake havina hata chembe ya tope, akainua pakiti ya mahindi ya kisasa yenye picha ya hindi nene la manjano. Alisema wimbi ni kujitesa: unapalilia kwa magoti, unavuna suke kwa suke kwa kisu, unashinda ukifukuza ndege, na mwisho wa yote unapata chakula cha ndege na kimea cha busaa. Watu walicheka. Tata alicheka kuliko wote, hasa hapo kwenye busaa, kwa kuwa kanisani kwetu pombe haitajwi bila mtu kukohoa. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni yule hakuuliza hata mara moja mwenyeji anaumwa wapi.

Jioni hiyo Tata alitangaza kwamba shamba la juu, ambalo Magokoro alilipanda wimbi tangu kabla yeye hajazaliwa, lingekuwa la mahindi. Magokoro alikataa bila kupaza sauti. Mvua ikifika, alisema, atapanda wimbi wake pale pale, na anayetaka mahindi ana shamba zima la chini.  Tata angebishana naye ningemheshimu hadi leo. Alingoja. Wiki mbili baadaye Magokoro alikwenda Masimba kwenye msiba wa shemeji yake, na asubuhi ya pili Tata akaingia katika jiko lile, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikanyaga. Akashusha masuke yote ya wimbi kutoka kwenye uchaga. Alikuwa amepiga hesabu ya mtu mwoga: bila mbegu hakuna ubishi. Akaniita nimsaidie kupukuchua, akaniambia nitoe zile kamba za mgomba zisije zikakwama kwenye mashine.

Nilijua. Naandika hili ili msomaji asinionee huruma nisiyostahili. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kila kamba ile ilikuwa na maana gani, kwa sababu nilikuwa nyuma yake alipozifunga. Nilizifungua moja baada ya nyingine, nikazirusha kwenye majivu kando ya mafiga, kisha nikabeba gunia dogo kichwani pamoja na mihogo mikavu ya kuchanganya, nikashuka hadi kwa mashine ya kusaga pale Marani. Mwenye mashine aliushika unga ule, akaunusa, akaniuliza kwa utani kama nyumba yetu iliungua. Nilirudi na unga ungali moto kichwani. Tata alinionya nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Magokoro alirudi usiku wa siku ya nne, akalala bila kuingia jikoni kwake, na asubuhi iliyofuata Mama akatengeneza uji. Tulikaa sote mezani. Tata alikunywa kikombe chake, akausifu, akaongezewa cha pili. Magokoro aliinua chake, akakisimamisha karibu na midomo. Uji ulinuka moshi. Si ule moshi wa sufuria iliyoungua. Ulikuwa moshi wa miezi mingi, wa uchagani kwake, na pua yake isingeweza kuukosea. Aliuliza wimbi huu umetoka wapi. Mama alitazama chini, mimi nikatazama kikombe, Tata akafungua redio kutafuta habari. Magokoro alitoka, akaenda jikoni kwake kutazama uchaga. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mbegu hailiwi hata na mwenye njaa," alimwambia mwanawe. "Na ninyi hamkuwa na njaa."

 Siku ya tatu alijifunga leso, akachukua kiondo kitupu, akaniambia nimsindikize. Anakwenda kuchukua akiba yake kwa watu. Tulianza kwa Bosibori, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyewahi kupewa viganja vyake viwili mwaka ambao ndege walimmalizia shamba. Bosibori alitukaribisha vizuri, akatupa chai na ndizi za kuchemsha, kisha akasema kwa aibu kwamba baada ya lile baraza aliwamwagia kuku wimbi wote. Nyumba ya pili walikuwa wameng'oa kila kitu na kupanda majani chai hadi kwenye kizingiti cha mlango. Ya tatu walikuwa wamekula. Kila mahali tulipewa chai. Sijawahi kunywa chai nyingi kiasi kile siku moja.

Tumaini la mwisho lilikuwa Sironga, kwa shangazi yangu Kemunto, binti wa mwisho wa Magokoro, aliyeondoka nyumbani na kibuyu chake siku ya kuolewa. Tuliondoka alfajiri tukavuka vilima kwa miguu, tukafika jua likiwa limepita utosi. Shangazi alikuwa fundi wa cherehani, nyumba yake ya mabati safi, sakafu ya saruji, jiko la makaa, hakuna hata harufu ya moshi. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ukutani. Magokoro alikiona kabla hajaketi. Nilipanda juu ya stuli nikakishusha, na kilipotikisika mkononi mwangu kikalia chakacha, mimi nikacheka kwa furaha. Shangazi akaweka mkono mdomoni. Ndani yake kulikuwa na vifungo vya mashati.

Tukirudi tulipumzika kwenye daraja la mto, nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nilimwambia Magokoro kwamba ni mimi niliyepeleka mbegu kwenye mashine. Alikuwa akiosha miguu yake na hakugeuka.

"Najua," alisema. "Kamba nilizikuta kwenye majivu zimefunguliwa vizuri, fundo kwa fundo. Tata yako angezikata."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Tulipokaribia nyumbani alisema jambo jingine, kama anayejisemea: afadhali wangekuwa wamemnyima, angewakasirikia, lakini hawakumnyima, hawana. Mimi nilikuwa na watu wa kutosha wa kuwakasirikia kwa niaba yake, na bado ninao.

Mvua ya mwezi wa tatu ilikuja kwa kishindo. Mahindi ya pakiti yaliota kwa mistari iliyonyooka, kijani kibichi hata wapita njia wakasimama kuyasifu, na Tata akawa anatembea shambani baada ya shule mikono nyuma kama mkaguzi. Yalipoanza kutoa mbelewele, mvua ikakatika. Wiki ya kwanza majani yalijikunja mchana na kufunguka jioni. Wiki ya tatu hayakufunguka tena. Tulivuna mahindi yenye mapengo kama kinywa cha mzee, punje nne hapa, mbili kule, na mabua mengi hayakubeba kitu. Sidai kwamba wimbi ungetutajirisha. Hakuna aliyetajirika kwa wimbi. Ungetulisha tu. Nilimwona Magokoro wakati ule akizunguka katika shamba la juu, vipande vya kamba ya mgomba vikiwa kiunoni kama kawaida, akitazama bua baada ya bua. Alirudi navyo vyote. Bwana shamba alikuwa amehamishwa, na pikipiki yake hatukuisikia tena. Usiache mbachao kwa msala upitao, tuliimbishwa darasani, na aliyetuimbisha ni Tata.

Magokoro aliishi miaka mingine michache na hakula tena ugali wa wimbi wake. Kwenye mazishi Tata alisimama akasema mama yake alikuwa mkulima hodari aliyependa ardhi. Waombolezaji waliitikia. 

Sasa mimi ni mtu mzima na nina shamba langu mwenyewe, na mvua imekuwa kama mgeni asiyesema anakuja lini wala anaondoka lini. Na sasa, baada ya kila kitu, mbegu za asili zimekuwa habari njema. Tumepitia miaka ambayo mama wa shamba angeweza kushtakiwa kwa kuuza gorogoro moja, mkebe wa kilo mbili, ya mbegu yake isiyokuwa na cheti, na leo watu wa miradi wanatuita kwenye ukumbi wa kanisa, wanatupa soda, wanatueleza kwamba mababu zetu walikuwa na hekima. Mwaka jana nilimpeleka Tata kwenye semina ya namna hiyo pale Marani, kwa kuwa aling'ang'ania kwenda, mkongojo mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Kijana mpole mwenye fulana ya mradi alitufundisha kuteua mbegu. Msiteue pembeni, alisema, teueni katikati ya shamba, mmea uliobanwa na bado ukajaa. Fungeni utepe ili usivunwe na wengine. Akatugawia tepe nyekundu za dukani. Aliiita mbinu ya kisasa. Tata aliandika neno kwa neno, kwa mwandiko wake ule ule mzuri wa ubaoni, na mimi nikauzungusha utepe wangu mkononi kwa hasira.

Wakati wa mapumziko Tata alinigeukia, macho yake yaking'aa kama ya mwanafunzi aliyepata jibu.

"Moraa, ile mbegu ya mama yangu, ile nyekundu fupi, ilienda wapi? Huyu kijana angeipenda sana."

Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya mzaha au ya aibu. Hakuna nilichokiona. Alikuwa amesahau. Miaka yote niliyobeba gunia lile kichwani, yeye alikuwa amelitua na kwenda zake, na hilo liliniuma kuliko ukame, kuliko pikipiki, kuliko soda yao.

"Tuliinywa, Tata," nikamwambia. "Wewe ulikunywa vikombe viwili."

Kalamu yake ilisimama. Watu walirudi kwenye viti, kijana wa mradi akaanza tena kusema, na Tata akabaki ameinamia ule ukurasa wake uliojaa maandishi. Kisha akafungua mdomo, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ulinuka moshi," akasema.

Kumbe pua yake nayo iliusikia ule moshi tangu kikombe cha kwanza, na bado alikunywa cha pili. Semina ilipokwisha nilimpa mkono asimame, kwa sababu ni baba yangu, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.