Mabua ya Vitunguu Saumu

Mume wangu alipofariki, kaka yake alikuja shambani kwangu Kitura akaniamuru ning'oe vitunguu saumu nilivyopanda kando ya kahawa.

"Shemeji, hili ni shamba la kahawa tangu enzi za baba," alisema.

Sikung'oa hata kimoja. Mabua ya maua yalipochomoza, niliyakata ili vitunguu vinenepe. Siku hiyo alipita tena, akayaona kwenye ungo, akacheka.

"Sasa unavuna majani?"

Niliyakatakata, nikayakaanga pamoja na usipa, dagaa wa ziwani, nikamtengea na ugali. Alikula akamaliza, akauliza kama yamebaki.

"Yapo," nilimwambia, "na mwakani nitapanda hadi kwenye mpaka wa shamba lako."

Aliondoka bila kuaga. Mwaka uliofuata nilipanda.